Shahidi Ndani ya Saa

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika kisiwa kizima cha Unguja, na haukutengemaa mpaka Machi 2010. Waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Ras Fumba, ulikuwa umepata hitilafu. Haikuwa mara ya kwanza. Mei 2008 kisiwa kiliwahi kukaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mzima. Mji Mkongwe ulinuka dizeli. Kila duka lenye uwezo liliweka jenereta mlangoni, na vichochoro vya Shangani na Hurumzi, ambako kwa kawaida unasikia nyayo za mtu kabla hujamwona, vikawa havina sauti ila ya mashine. Maji yalipandishwa ghorofani kwa madumu, kwani pampu nazo zilikuwa zimesimama.

Nathubutu kusema kwamba miezi ile ndiyo iliyowafundisha watu wengi wa Unguja kuitumia laptopu kwa ubahili. Aliyeichaji kwa jenereta ya jirani hakutaka kupoteza hata dakika moja ya betri. Akimaliza aya anafunika, mashine inalala. Akipata la kuandika anafunua, inaamka pale pale alipoachia. Mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100, uliolazwa kwa fedha za msaada wa Marekani, ulianza kuubeba mzigo ambao ule wa mwaka 1980, wenye uwezo wa megawati 45, ulikuwa umeshazidiwa nao. Lakini mazoea ya kufunika na kufunua yamebaki, kwa sababu umeme nao bado una siku zake.

Sura hii inahusu kasoro moja tu ya mazoea hayo: laptopu iliyolala vizuri na kukataa kuamka. Unafunua, taa ndogo inawaka, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi. Unabonyeza kila kitu. Mwishowe unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, na kazi yote ambayo hukuihifadhi inapotea. Wengi huishia kusema “imekufa” au “ina jini” na kuacha kabisa kuilaza. Mimi nashikilia kwamba kasoro hii inatafutika na inapatikana, na kwamba fundi wa Mkunazini au Mwanakwerekwe anacho kila anachohitaji kuitafutia. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kumpata shahidi na, zaidi ya hapo, namna ya kutomuua shahidi huyo kwa mikono yako mwenyewe.

*

Kompyuta hulala kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kuyahamishia kwenye diski yote yaliyomo kwenye RAM kisha kuzima kabisa. Ni salama, ila huchukua muda. Ya pili, ndiyo ya kila siku, ni kuiacha RAM peke yake ikipata umeme kidogo sana, huku prosesa, kioo, diski na kadi zote zikizimwa. Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa vipimo vyao vya ACPI mnamo Desemba 1996, hali hii iliitwa S3. Mashine iliyo kwenye S3 inaweza kukaa siku kadhaa kwa betri moja.

Kulala kwenyewe kuna utaratibu wake. Kiini cha mfumo, na hapa nazungumzia Linux kwa sababu ndicho kiini ambacho mtu yeyote anaruhusiwa kukifungua na kukisoma, kwanza huandika diskini data zilizokuwa zikisubiri. Kisha husimamisha programu zote za mtumiaji. Kwa kawaida zinapewa sekunde 20 za kutulia. Ikiwa hata moja imekaidi, kulala kunaahirishwa. Halafu vifaa hulazwa kwa mpangilio, kuanzia kilichosajiliwa mwisho kurudi nyuma, kwa sababu fleshi ya USB lazima ilale kabla ya kidhibiti cha USB kinachoibeba. Kila draiva huambiwa ihifadhi hali ya kifaa chake na kukizima. Baada ya hapo prosesa za ziada huondolewa, ikabaki moja, nayo ndiyo inayoikabidhi mashine kwa BIOS, programu ya mashine yenyewe inayotangulia mfumo.

Kuamka ni njia hiyo hiyo ikipitwa kinyumenyume, lakini ni kugumu zaidi. Prosesa inaamka haijui ilikuwa wapi. Inaanzia katika hali ya biti 16, ile ile ya prosesa 8086 ya mwaka 1978, na kipande kifupi cha kodi kinapaswa kuivuta kutoka hapo hadi kwenye biti 64, kikirudisha majedwali ya kumbukumbu njiani. Kisha vinafuata vifaa, na kila kimoja kimesahau yote kiliyowahi kuambiwa. Watu wa Unguja wanalijua jambo hili kwa friji zao: umeme ukikatika friji haidhuriki, inadhurika umeme unaporudi, ndiyo maana tunachomoa plagi na kungoja utulie. Kwenye kompyuta pia, ukiona imeganda, kisa kwa kawaida kiko kwenye kurudi.

Na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kasoro nyingine za kompyuta huacha maandishi. Programu ikianguka, kuna ujumbe kwenye kioo au mstari kwenye daftari la matukio. Mashine iliyoganda ikiamka haina kioo, kwa kuwa kadi ya picha huenda bado haijaamshwa. Haina diski ya kuandikia, kwa kuwa diski nayo bado imelala. Haina mtandao. Ina RAM, na huenda ndani ya RAM mna maelezo kamili ya kilichotokea mpaka nukta ya mwisho. Lakini ili uyasome lazima uiwashe mashine upya, na ukiiwasha upya yanafutika.

*

Kabla ya lolote, jua kama mashine imekufa au imepofuka tu. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, kiini kiko hai na kinakusikiliza, na tatizo lako ni la kioo au kadi ya picha. Ikiwa hali ni hiyo, unaweza kuiwasha upya kwa vitufe vya Alt na SysRq, na daftari la matukio litakuwa limehifadhika diskini. Taa isipobadilika, kiini chenyewe kimekwama.

Angalia pia mambo ya kawaida ya pwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na laptopu iliyokaa miaka Jambiani au Nungwi hupata kutu mahali usipopafikiria. Kitambuzi cha kifuniko kikilewa, mashine inaamka, inadhani bado imefunikwa, inalala tena mara moja. Anayeitazama kwa nje anaona imegoma. RAM mbovu nayo inaweza kupita majaribio ya kawaida na kushindwa pale tu inapoachwa peke yake usingizini. Haya yaondoe kwanza, hayachukui muda.

Ukishabaki na kiini, igawe njia. Linux ina faili iitwayo pm_test, ndani ya /sys/power, inayokuruhusu kuiambia mashine ijifanye inalala lakini iishie kituo fulani, ingoje sekunde 5, kisha irudi. Kituo cha kwanza ni kusimamisha programu tu. Cha pili kinaongeza kulaza vifaa. Vinavyofuata vinaongeza jukwaa la mashine, kisha prosesa za ziada, kisha sehemu za ndani kabisa za kiini. Unapanda kituo kimoja kimoja. Ikirudi salama kwenye kituo cha kwanza na kuganda kwenye cha pili, umeshajua kwamba adui ni draiva ya kifaa fulani, na umejua hivyo bila BIOS kuguswa hata kidogo. Ikipita vituo vyote salama na kuganda kwenye usingizi wa kweli tu, basi mashaka yanahamia kwenye BIOS au kwenye kifaa kinachosahau hali yake pale tu umeme unapokatwa kikweli.

Kuna hata njia ya kusikiliza. Kiini kikiwashwa kwa maneno acpi_sleep=s3_beep, kile kipande cha kodi cha biti 16 kinatakiwa kutoa mlio kwenye spika ya mashine mara tu kinapoamshwa. Ukisikia mlio, BIOS imefanya kazi yake na kuikabidhi mashine kwa kiini. Kwenye mashine za zamani zenye spika hiyo, mlio mmoja huo unaweza kukuokolea siku nzima ya kumtuhumu asiyehusika.

Lakini pm_test inakuambia kituo, haikuambii kifaa. Laptopu ya kawaida ina vifaa mamia kwa hesabu ya kiini, vingi vikiwa vidogo visivyoonekana. Ni kipi?

*

Mwaka 2006 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alikuwa akisumbuliwa na swali hilo hilo. Alihitaji mahali pa kuandika alama moja ndogo, mahali ambapo pangehimili mashine kuzimwa kwa nguvu na kuwashwa tena. RAM haifai. Diski imelala. Kilichobaki ni saa.

Kila kompyuta ya namna hii ina saa ndogo iliyo peke yake, inayosukumwa na fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde na kulishwa na betri ya duara ya volti 3, yenye umbo la sarafu. Ndiyo inayojua leo ni tarehe ngapi hata kama laptopu ilikaa kabatini mwezi mzima. Chipu ya saa hiyo ina pia nafasi kidogo ya kumbukumbu ya akiba, na mtu angedhani hapo ndipo pa kuandikia. Lakini BIOS inapoanza kazi huweza kuifuta nafasi hiyo. Kitu pekee ambacho BIOS inakiheshimu kwa uhakika ni wakati wenyewe. Kwa hiyo Torvalds aliamua kuandika ujumbe wake kwenye tarehe.

Fikiria ufinyu wa nafasi hiyo. Sekunde hazitumiki, kwa sababu saa inaendelea kutembea wakati unahangaika kuwasha. Dakika zinatumika kwa hatua za tatu tatu, yaani thamani 20 tu. Saa za siku ni 24. Siku za mwezi ni 28, ili isitokee tarehe isiyokuwepo mwezi wa Februari ambayo BIOS ingeikataa. Miezi 12, miaka 100. Zidisha zote: 16,128,000. Huo ndio utajiri wote ulionao wa kueleza kilichotokea, na kwenye kompyuta nambari hiyo haifiki hata biti 24. Jina la draiva haliingii humo, sembuse mstari wa kodi.

Ufumbuzi wake ni wa kupendeza. Badala ya kuandika jina, unaandika alama ya hesabu inayotokana na jina. Nafasi iligawanywa mafungu matatu: 16 kwa ajili ya mtumiaji, 997 kwa ajili ya faili na mstari wa kodi, 1,009 kwa ajili ya kifaa. Hizo mbili za mwisho ni namba tasa, zimechaguliwa ili alama zitawanyike vizuri. Ukizidisha mafungu yote unapata 16,095,568, ambayo inaingia kwenye saa na kubakiza kidogo. Kila mara kiini kinapofika kwenye hatua yenye alama, wakati wa kuamka, kinakokotoa namba na kuirudisha saa kwenye tarehe inayolingana nayo. Kikikwama, tarehe ya mwisho inabaki.

Tuchukue mfano na tuukokotoe kwa mkono. Tuseme fungu la mtumiaji ni 4, la faili ni 156, la kifaa ni 725. Zidisha 725 kwa 997, ongeza 156: unapata 722,981. Zidisha kwa 16, ongeza 4: 11,567,700. Sasa igawe kwa 100; baki ni sifuri, huo ndio mwaka, 00, yaani 2000. Kinachobaki, 115,677, kigawe kwa 12. Baki ni 9, na kwa kuwa miezi inahesabiwa kuanzia sifuri, huo ni Oktoba. Endelea na 9,639 kwa 28: baki 7, ambayo ni tarehe 8. Kisha 344 kwa 24: baki 8, ambayo kwa Kiswahili ni saa 2 asubuhi. Inabaki 14, mara tatu ni dakika 42. Mashine iliyokwama kwenye kifaa hicho itaamka ikisema ni tarehe 8 Oktoba 2000, saa 2 na dakika 42 asubuhi.

Ukiwasha upya, kiini kinaisoma saa mapema kabisa, kinairudisha tarehe kuwa namba tatu, kisha kinapita kwenye orodha ya vifaa vyake vyote na kukokotoa alama ya kila kimoja. Kinacholingana kinatajwa. Mstari huo unaanza kwa maneno Magic number, na chini yake kuna anwani ya kifaa. Kwenye maelezo yanayosambazwa pamoja na Linux, Torvalds anasimulia kesi yake mwenyewe: laptopu aina ya EVO yenye kadi ya picha ya ATI Radeon, ambayo draiva iitwayo radeonfb ilikuwa ikiganda inapojaribu kupanga upya mitambo ya mapigo ya kadi hiyo. Akaiacha draiva ile, akatumia njia nyingine ya kuamsha kioo, mashine ikaamka.

*

Chumba cha fundi ninayemfahamu kipo ghorofa ya kwanza, Mkunazini, dirisha moja, meza mbili. Mwanafunzi alileta laptopu aliyoinunua ikiwa imetumika, miongoni mwa zile zinazoshushwa kutoka Dubai. Ilikuwa imeganda vile vile alivyoifunua njiani. Fundi aliipindua, bisibisi mkononi.

“Unafanyaje?” nikamuuliza.

“Natoa betri, maalim. Ikae kidogo ipumzike, halafu tunaiwasha.”

“Usitoe. Tunataka iandike habari humo ndani. Ukitoa betri inaondoka nayo.”

Mwanafunzi akatutazama. “Si imeshakufa, maalim? Habari itaandikwa wapi tena?”

“Kwenye saa, mwanangu.”

Kutoa betri ni mazoea mazuri ya ufundi, na kwa kasoro nyingine yanafaa. Hapa yanaharibu. Betri kubwa ikitoka, saa inabaki ikitegemea ile betri ndogo ya duara, na kwenye laptopu za mtumba betri hiyo mara nyingi imeshachoka. Joto na umri havikuiacha. Fundi aliifikia, akaipima kwa mita, ikaonyesha volti moja na kitu. Saa yake isingehifadhi ujumbe hata nusu dakika. Alishuka Darajani akarudi na mpya ya CR2032, akaipachika. Kisha tukaandika 1 kwenye faili ya pm_trace, ndiyo swichi inayokiamuru kiini kuandika alama zile kwenye saa, tukailaza mashine, tukaifunua.

Iligoma kama kawaida. Tuliiacha itulie kidogo, tukashikilia kitufe mpaka ikazima, tukaiwasha papo hapo. Hii ni sharti: kwa kuwa dakika zimewekwa kwa hatua za tatu, ukichelewa zaidi ya hapo saa imeshasogea na namba si ile tena. Fundi alisimama nyuma ya kiti. Kioo kilipowaka, tarehe pembeni ilikuwa ya mwaka 2043.

“Imeharibika saa,” mwanafunzi akasema.

“Haijaharibika. Ndiyo inayosema.”

Kwenye daftari la matukio kulikuwa na mstari wa namba na, chini yake, kifaa 0000:02:00.0. Orodha ya vifaa ikatuambia hicho ni kadi ya waifai. Tuliondoa draiva yake, tukailaza mashine, ikaamka. Tukairudisha, tukailaza, ikaganda. Fundi hakusema neno. Aliichukua bisibisi akaiweka kwenye kasha lake na kuvuta kiti karibu ili asome mistari mingine iliyokuwa juu ya ule.

Baada ya kazi hii lazima uirudishe saa sawa. Mashine yenye tarehe ya uongo inakataliwa na tovuti salama, kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza au vimekwisha muda, na programu ya nyakati za sala itaadhini kwa jua la siku nyingine. Intaneti ikiwepo, mashine hujirekebisha yenyewe. Isipokuwepo, iweke kwa mkono kabla hujamrudishia mwenyewe.

*

Njia hii ina mipaka miwili ambayo nataka ieleweke vizuri, kwani ndipo watu wanapokata tamaa.

Wa kwanza ni mgongano. Alama za vifaa ni 1,009, na vifaa ni mamia, kwa hiyo vifaa viwili vinaweza kuangukia alama moja, na kiini kitavitaja vyote viwili. Kurudia jaribio hakusaidii hata kidogo, kwa sababu jina lile lile hutoa namba ile ile kila mara. Unachofanya ni kuondoa draiva ya kimoja na kujaribu. Inatokea pia kwamba hakuna kifaa kinacholingana, kwa sababu draiva ya mhusika inapakiwa baadaye, saa ikiwa imeshasomwa. Kwa hali hiyo kuna faili ya pili, pm_trace_dev_match, unayoisoma mashine ikishamaliza kuwaka.

Wa pili ni mgumu zaidi. Ili kuokoa muda, Linux ya siku hizi huamsha vifaa vingi kwa pamoja. Unapowasha pm_trace, hilo linasitishwa na vifaa vinaamshwa kimoja kimoja, la sivyo tarehe ya mwisho isingekuwa na maana. Sasa, ikiwa chanzo cha kuganda ni vifaa viwili kugombania njia moja kwa wakati mmoja, kuwasha pm_trace kunaiondoa kasoro. Mashine inaamka vizuri kila ukiitazama, na inaganda kila ukiacha kuitazama. Usidhani umepona. Andika 0 kwenye pm_async bila kuwasha pm_trace: ikiamka, na ukirudisha 1 ikaganda, umeshapata jibu la aina nyingine, kwamba kasoro iko kwenye mpangilio wa vifaa viwili, wala si ndani ya kimoja. Hizo ndizo kasoro zinazochukua muda mrefu kuliko zote, na mtu akiniambia amezitatua kwa siku moja namuomba anionyeshe.

Kwa laptopu mpya mambo yamebadilika kidogo. Nyingi hazina tena S3. Hulala usingizi mwepesi ambamo kiini kinabaki kikitawala na vifaa vinapunguziwa umeme kwa kadiri vinavyokubali. Unaweza kujua yako ni ipi kwa kusoma faili ya mem_sleep: s2idle ni usingizi mwepesi, deep ni S3. Hizi hazigandi sana zikiamka, lakini hukataa kulala vizuri, na mwenyewe anafungua begi Tunguu akakuta mashine ya moto na betri tupu. Hiyo ni kasoro tofauti na dawa yake ni tofauti.

*

Kujua kifaa si kujua kosa. Kadi ile ya waifai ilikuwa nzima. Iliyokosea ni draiva, na mwanafunzi alitukumbusha jambo muhimu: kabla ya kusasisha mfumo, mashine ilikuwa ikiamka. Hapo kuna njia iliyonyooka. Mabadiliko ya Linux yote yanatunzwa kwenye git, mfumo ambao Torvalds aliuandika Aprili 2005, na kila badiliko lina mwandishi wake na sababu yake. Kati ya toleo moja la kiini na linalofuata huingia mabadiliko zaidi ya 10,000. Chukua toleo zima na toleo bovu, jaribu la katikati. Likiganda, kosa liko nusu ya kwanza; lisipoganda, liko nusu ya pili. Gawa tena. Mabadiliko 10,000 yanakwisha kwa majaribio 14 hivi. Kwa laptopu ya zamani kila jaribio ni saa nzima au zaidi ya kujenga kiini upya, na kwa umeme wetu ni busara kuanza betri ikiwa imejaa. Lakini ni majaribio 14, na mwishoni umeshika badiliko moja tu, mara nyingi mistari michache.

Wakati unasubiri hayo, mwenye mashine anahitaji kufanya kazi. Weka hati fupi kwenye saraka ya system-sleep ya systemd, iondoe draiva kabla ya kulala na kuirudisha baada ya kuamka. Mwanafunzi aliondoka na hati hiyo jioni ile. Ni kiraka, na nilimwambia hivyo.

Ripoti ya kasoro uliyoipata inakwenda kwa wenye draiva na kwa wasimamizi wa sehemu ya nishati ya kiini, ambayo kwa miaka mingi imesimamiwa na Rafael Wysocki, Mpoland, baada ya kazi ya mwanzo ya Pavel Machek wa Jamhuri ya Czech. Hawakuulizi wewe ni nani wala umesoma wapi. Wanataka kujua aina ya mashine na toleo la BIOS. Toleo la mwisho la kiini lililoamka na la kwanza lililoganda. Kituo cha pm_test kinachokwama. Mstari wa Magic number pamoja na kifaa kilichotajwa. Na badiliko ulilolipata kwa kugawa. Tuma daftari zima la matukio, usikate kipande unachodhani ndicho muhimu. Na baada ya kutuma, usiiuze wala usiisafishe mashine ile, kwa sababu jibu la kwanza likija litakuwa na kiraka kilichoandikwa upya na ombi la kukijaribu, na mashine yako huenda ndiyo pekee iliyo mikononi mwa mtu aliye tayari kufanya hivyo.